Sauti ya Pili

Blumenau, Kansas
19 Januari

Mpendwa Bibi,

Machungwa yamefika. Machache yalipondeka njiani, Baba akayala palepale amesimama kwenye sinki, akasema hiyo ni kodi ya posta. Theluji imepanda hadi dirisha la banda la trekta na shule ilifungwa Alhamisi. Nilisoma kutwa. Mama alisema nikiendelea kukaa hivyo nitaota mizizi kwenye kochi.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu huisikii, na maandishi ya simu unasema yanakuumiza macho. Lakini hata kama ungesikia ningekuandikia tu. Mambo ninayotaka kusema hayatoki mdomoni. Unanijua.

Kwanza lililo jema. Nimeanza darasa la ubatizo. Tuko watatu: mimi, Gerrit Goering na binamu yake Anson, ambaye nadhani anafuata keki. Tutabatizwa Pentekoste. Mchungaji Dwight ametaka kila mmoja aandike ukurasa mmoja kuhusu imani yake, ausome mbele ya kanisa. Mimi nimeandika kurasa nyingi na bado sijafika kwa Yesu.

Sasa lile lingine. Mama haimbi.

Tangu nilipokuwa mdogo nimekaa kushoto kwake, na sauti yake ya pili imekuwa ikiingia kwenye sikio langu la kulia. Ndivyo nilivyojifunza kuimba, si kwa nota. Sasa sikio hilo liko tupu. Ananifungulia ukurasa, anasimama na kitabu mkononi kama watu wote, na mdomo ameufumba. Ni tangu Novemba. Baba yuko upande wake wa pili, kwenye nafasi yako, akiunguruma besi na hajagundua lolote. Kanisa zima linaimba kwa sauti nne na mimi nasikia tatu.

Bibi, naogopa kwamba Mama haamini tena. Naogopa anasubiri tu nibatizwe, aone kazi yake imekwisha, kisha aondoke. Sijui kama naweza kuingia kwa mlango ambao yeye anatokea.

Tafadhali usimwambie mtu. Hata Baba.

Mjukuu wako,
Tirza


Sarasota, Florida
28 Januari

Tirza wangu,

Andika kurasa nyingi utakavyo, ila unapofika wakati wa kusoma zihurumie nyonga zetu. Yale mabenchi ni magumu.

Habari ya mama yako si mpya kwangu. Kila Jumapili jirani yangu Alvina ananifungulia ibada yenu kwenye kompyuta. Yeye anasikiliza, mimi natazama. Kamera iko mbele, juu ya mimbari, na mnaonekana nyote, hata baba yako anaposinzia wakati wa mahubiri, mwambie nimesema. Mtu asiyesikia hutazama midomo. Wa Corinne umefungwa tangu Novemba. Nilidhani ni uchovu, maana unesi wa shule si mchezo, shule nzima ina mafua. Lakini uchovu hauchukui miezi.

Usimuulize. Mkwe wangu huyu nimemjua tangu baba yako alipomleta nyumbani akiwa amevaa viatu vya mtu mwingine. Ni mtu wa kusema akiwa tayari, na ukimharakisha anarudi ndani zaidi.

Huku ni joto. Wazee wote wa Kansas wako hapa kukwepa baridi, wanakimbizana kwa baiskeli za magurudumu matatu kama watoto wa chekechea. Bwana Ezra Koehn aligonga sanduku la barua la jirani akasema lilimfuata.

Siri yako nimeitunza. Nitafanya lile tu linalofaa: Jumatano tuna mkutano wa maombi, na nitaomba watu wamwombee mtu mmoja wa familia yangu anayepita kwenye giza. Sitataja jina, wala maelezo. Huko si kusema, mwanangu. Huko ni kuomba.

Akupendaye,
Bibi Elfrieda


Blumenau
16 Februari

Mpendwa Bibi,

Familia yako huku ni moja tu.

Hilo ndilo ulilolisahau. Alvina ana dada hapa, na huyo dada ndiye kichwa cha mnyororo wa maombi. Anampigia anayemfuata, naye anampigia anayemfuata, mpaka kila nyumba ijue nani wa kuombewa. Ulipoomba Jumatano jioni, Alhamisi saa sita mchana Bi. Loretta Voth alikuwa mlangoni kwetu na sufuria ya supu ya kuku. Alimshika Mama mkono akamuuliza kwa sauti ya chini kama majibu ya vipimo yametoka.

Akina Regier walileta mikate ya nyama na kabichi, na chini ya sinia walikuwa wameficha kijitabu cha kuokoa ndoa. Baba alikisoma mezani kwa sauti. Akafika pale panapomtaka mume amuulize mkewe kama anahisi anasikilizwa. Akamuuliza. Mama akasema, “Samahani, ulikuwa unasema nini?” Tulicheka sana, na nilidhani yameishia hapo.

Halafu Shemasi Orval Janzen akamvuta Baba pembeni kwenye duka la mbegu, akamwambia chama cha ushirika cha wakulima kinatafuta dereva, kama mambo yameharibika kazini. Baba hana habari ya kuharibika kwa jambo lolote. Friji imejaa. Vyakula vingine viko gereji, kuna baridi ileile. Kila mtu amekisia na hakuna aliyepata.

Jumamosi Mama aliniita tukaandae vyombo vya kurudishia watu. Alikuwa anabandika majina ya wenyewe kwenye mifuniko. Hakunitazama.

“Umemwambia nani, Tirza?”

“Bibi.”

“Ukamwambia nini?”

“Kwamba huimbi.”

Alibandika jina la akina Regier kwenye sufuria ya akina Voth, akalibandua. “Ungeniuliza mimi.”

“Ungesema nini?”

“Ningesema kamuulize bibi yako.”

Kisha akapeleka vyombo kwenye gari. Bibi, ana maana gani? Nimefikiri wiki nzima. Nimekasirika nawe kidogo, nakuambia kwa sababu Mchungaji anasema hasira isiyosemwa huoza. Lakini nataka zaidi kujua kuliko kukasirika.

Tirza


Sarasota
24 Februari

Corinne mpendwa,

Tirza ameniandikia kuhusu supu. Nisamehe. Nilisema bila jina, na nilidhani bila jina kunatosha. Nimemwambia Alvina naye amenuna, anasema maombi ni maombi.

Lakini mtoto ameandika pia kwamba ulimwambia aniulize mimi. Nimeisoma barua yake mara nyingi. Nimekukosea nini, mwanangu? Miaka ishirini tumekaa pamoja kanisani na hujawahi kunificha kitu, hata ile habari ya mumeo Merle na trekta la shemasi. Kama ni jambo nililosema, hujui kwamba mtu asiyesikia huwa anasema kwa sauti asiyoipima? Niambie.

Mama yako,
Elfrieda


Blumenau
10 Machi

Mama,

Nimechelewa kujibu kwa sababu barua zangu za kwanza hazikufaa kutumwa.

Ni mkutano wa wanachama wa Novemba, siku chache kabla hujasafiri. Ajenda unaikumbuka: ile nyumba nyeupe kando ya kanisa, iliyokaa tupu tangu Mchungaji ajenge yake, tuwape au tusiwape familia ya Wahonduras inayosubiri kesi yake ya kuomba hifadhi. Nilikuwa nimeshakutana nao. Yule mama anaitwa Xiomara. Wanaishi wote kwenye chumba kimoja cha moteli huko Wichita, na watoto wanafanyia kazi za shule ndani ya beseni la kuogea kwa sababu ndipo kuna taa nzuri.

Mchungaji akasema wanaokubali wasimame. Nikasimama. Akasema wanaokataa wasimame. Nawe ukasimama, Mama. Nilikuwa ubavuni pako. Nilihisi benchi likipungua uzito.

Ningeweza kuvumilia hilo. Watu wanakataa mambo. Kilichonishinda ni kilichofuata. Kura zikahesabiwa, tukashindwa, Mchungaji akasema tufunge kwa wimbo, na watu walewale waliokuwa wakirushiana maneno wakafungua vitabu wakaimba kwa sauti nne bila kukosea hata mahali pamoja. Tuliimba vizuri mno. Nilijiuliza, hivi kuna jambo gani tunaloweza kufanya ambalo halitatuharibia wimbo?

Na wewe ukanigeukia, kama unavyofanya siku zote, utazame midomo yangu ujue tumefika wapi. Nikaifumba.

Niliifumba ili ukose. Nakuambia ukweli. Nilikuona ukitafuta mstari kwenye kitabu, ukapotea, ukanyamaza. Nilifanya hivyo kwa siku moja, kwa hasira. Lakini Jumapili iliyofuata ulikuwa umeshaondoka, na nilipotaka kuufungua mdomo haukufunguka. Sijaacha kuamini. Sijui tu nifanyeje kuimba na watu hawa, na wewe ndiye mtu wa kwanza niliyeimba naye hapa.

Sikutaka Tirza ajue. Anakupenda, na anataka kubatizwa katika kanisa hilihili. Sasa ataniuliza tena, nami sitamdanganya.

Corinne


Sarasota
2 Aprili

Tirza wangu,

Pasaka njema inayokuja. Goti langu linasumbua, kwa hiyo sitapanda basi la kurudi Kansas na wenzangu mwezi huu. Daktari hajasema kitu, lakini mimi najua goti langu. Huenda nikakaa huku mpaka majira ya joto yaishe. Pentekoste nitakutazama kwa Alvina. Mwambie Gerrit asisimame mbele ya kamera na kile kichwa chake.

Umepunguza zile kurasa?

Bibi


Blumenau
21 Aprili

Mpendwa Bibi,

Sidhani kama ni goti.

Mama ameniambia. Nilimuuliza tukiwa tunatembea kutoka ibada ya mapambazuko ya Pasaka, naye akaniambia yote mpaka tukafika nyumbani, viatu vyetu vimelowa. Mkutano ule mimi sikuwepo kwa sababu sikuwa mwanachama. Tulikuwa chini na watoto tukiwachezesha. Tulisikia wimbo wa mwisho kupitia dari. Nakumbuka niliwaza, wakubwa wamekubaliana.

Sasa sijui niombe nini. Nilikuwa naomba Mama aimbe. Kisha nikaomba asiimbe, kwa sababu nilimwelewa. Jumapili nilisimama pale sikio langu likiwa tupu nikaona aibu ya kuimba mimi mwenyewe.

Ahadi za ubatizo tunazisoma darasani. Ya mwisho inauliza kama uko tayari kutoa shauri na kupokea shauri katika kanisa. Anson alisema hiyo ni njia ya kistaarabu ya kusema kila mtu atakuingilia maisha. Mchungaji akasema, ndiyo, hasa. Mimi ndiyo inayonikamata. Nimwahidi nani? Ninyi nyote mko ndani ya ahadi hiyo, wewe, Mama, Shemasi Orval, na waliosimama mara ya kwanza na waliosimama mara ya pili. Nimemwambia Mchungaji sina hakika kama nitabatizwa. Akasema nina muda mpaka asubuhi yenyewe, na maji hayaharibiki.

Kwa hiyo nakuuliza wewe, kama Mama alivyosema nifanye. Kwa nini ulisimama? Usinijibu kama mtoto.

Tirza


Sarasota
1 Mei

Tirza,

Umeniuliza kama mtu mzima na nitakujibu hivyo. Goti linauma kweli, lakini si goti.

Baba yako alipokuwa darasa la pili, familia ya Walao, watu wa Laos, ilikuja kwetu, wakimbizi. Tulipiga kura hivyohivyo kwa kusimama. Kanisa zima lilisimama. Nililia kwa furaha. Wakati ule nilikuwa nasikia, na ule wimbo wa kufungia sijawahi kuusikia mfano wake tena.

Mwezi wao wa kwanza walipelekewa vyakula mpaka vikaoza, kama vile vya gereji yenu. Mpaka majira ya kupanda tulikuwa tumebaki wanawake watatu: mimi, Alvina na marehemu Esther Schrag. Sisi ndio tuliompeleka yule mama kliniki, na sisi ndio tuliosimama ofisini tukibishania karatasi zake. Alikuwa akiitwa Bouakham. Alikuwa mshonaji hodari, na hakuna aliyempelekea kitambaa. Mumewe alifanya kazi machinjioni na hakuna mwanamume aliyemwalika hata kuvua samaki. Nilikuwa na watoto wanne na mume mgonjwa, na kuna siku sikwenda. Kisha zikawa siku nyingi. Mwishowe walihamia Minnesota kwa ndugu zao bila kutuaga. Jumapili iliyofuata tukaimba.

Mama yako anasema tuliimba vizuri mno mwezi Novemba. Mwambie mimi wimbo huo niliusikia zamani kuliko yeye.

Nilipowatazama siku ile, waliosimama kusema ndiyo, niliwatafuta usoni nione ni nani atakayekuwa bado anakuja miezi mitatu baadaye. Sikumwona ila Corinne. Nikaona mkwe wangu akibaki peke yake na mzigo ule ule. Nikasimama. Sikuweza kueleza, maana kwenye mkutano watu wanakatizana maneno na mimi sipati hata nusu. Bado nadhani sababu yangu ni nzuri. Kama haitoshi, hilo ni jambo lingine, na silali vizuri.

Batizwa au usibatizwe, lakini isiwe kwa ajili yangu.

Bibi yako


Blumenau
9 Juni

Mpendwa Bibi,

Najua ulitazama, lakini mimi nilikuwa nimeipa kamera kisogo kwa hiyo hukuona nilichosema, na Alvina nasikia siku hizi anakueleza mambo kwa ufupi wa kukasirisha. Nitakueleza yote.

Kwanza, barua yako. Mama aliiona mezani akaniuliza kama anaruhusiwa. Akaisoma amesimama, halafu akakaa akaisoma tena. Alisema, “Mbona hakuniambia?” Nikasema ulidhani hakuna atakayesikia. Kesho yake aliniuliza kama najua jina la Bouakham linaandikwaje.

Basi, Pentekoste. Zile kurasa niliziacha nyumbani. Gerrit alisoma ukurasa wake, Anson akasoma nusu ukurasa, mimi nikasema sentensi tatu na masikio yangu yakawaka moto. Tukapiga magoti. Mchungaji akaanza ahadi, na Shemasi Orval akasimama kando yake na mtungi wa maji. Nilijibu zote. Akafika ya mwisho.

“Tirza, uko tayari kutoa shauri na kupokea shauri katika kanisa hili?”

“Niko tayari,” nikasema. “Na ninalo moja.”

Sikuwa nimepanga, Bibi. Yaani nilikuwa nimepanga kusema baadaye, kwa barua. Mchungaji Dwight aliutazama mtungi kana kwamba utamwambia la kufanya. Gerrit alininong'oneza, “Ungesubiri basi tumwagiwe, tukauke.” Mchungaji akasema, “Sema.”

Nikasema, “Naomba tuulizane tena kuhusu ile nyumba. Na safari hii anayesimama kusema ndiyo, aseme atafanya nini, na siku gani ya wiki.”

Kisha Bwana Regier akauliza kutoka nyuma kama hilo ni halali, maana jambo lililopigiwa kura hufunguliwa tena kwa ombi la mwanachama, na huyu bado hajabatizwa. Shemasi Orval akasema ahadi ndiyo inayokufanya mwanachama, si maji. Bwana Regier akasema yeye siku zote alifundishwa ni maji. Wakaanza kushindana pale juu ya kichwa changu, na mimi magoti yananiuma. Ndipo Baba, ambaye sijawahi kumsikia akisema chochote kanisani, akasimama.

“Mmwagieni maji kwanza,” akasema. “Halafu arudie.”

Watu wakacheka, hata Bwana Regier. Wakanimwagia. Maji yalikuwa ya baridi kuliko nilivyotarajia, yakaingia shingoni mpaka mgongoni. Nikarudia shauri langu neno kwa neno, nikiwa natiririka, na likaandikwa kwenye ajenda.

Mkutano ni tarehe 29. Familia ya Xiomara bado imo mlemle motelini. Wakati wa chakula Bi. Loretta alikuja akaniambia yeye kupika amechoka, lakini Jumanne anaweza kuendesha gari, popote, ila si kwenye barabara kuu. Bwana Regier alisema bado anakataa, akaniongezea kipande cha pai. Sijui kura itakuwaje. Mchungaji anasema wanachama waliopo hawajabadili msimamo sana. Anasema pia waliosafiri hawawezi kupiga kura kwa barua. Sheria inataka mtu awepo.

Kitu kimoja tu. Tulipoimba mwishoni, Mama alikuja kusimama kando yangu kule mbele, akanifuta shingo kwa taulo. Nilitega sikio langu la kulia wimbo mzima. Sikusikia kitu. Niliumia kidogo, halafu nikaacha. Alikuwa amesimama nami, na nimeamua hilo linanitosha.

Nilibatizwa kwa ajili yangu mwenyewe. Nilitaka ujue.

Mjukuu wako,
Tirza


Sarasota
15 Juni

Tirza wangu,

Alvina alinieleza ubatizo wako wote kwa maneno matatu: “Alisema jambo, wakabishana.” Namshukuru Mungu kwa barua yako. Baba yako kusimama kanisani nisingeamini kama nisingemwona mwenyewe. Nilidhani anakwenda msalani.

Lakini kuna kitu wewe uliyekuwepo hukukiona, kwa sababu ulikuwa unasikiliza. Mama yako alipomaliza kukufuta aliinua uso. Hakutazama kitabu wala watu. Alitazama kamera. Na midomo yake ilikuwa inakwenda, neno kwa neno, taratibu, ubeti wa kwanza mpaka wa mwisho, kama anavyonifanyia nikiwa nimekaa karibu naye. Hakutoa sauti, nakubali, wewe ndiye mwenye masikio. Mimi ndivyo ninavyomsikia siku zote. Nilimfuata mpaka mwisho na sikupotea mahali. Alvina anasema niliimba kwa nguvu mpaka mbwa wake akaingia chini ya kitanda.

Nimekata tiketi ya basi. Nitafika tarehe 26, goti au bila goti. Usimwambie mtu nitasimama upande gani, kwa sababu sijui. Kwanza nataka kumwona huyo Xiomara, na nataka kumsikia kila mmoja akitaja siku yake, na watalazimika kuitaja wakinitazama usoni ili nielewe. Mimi mwenyewe naweza Jumatatu na Ijumaa. Nimezeeka lakini kushikilia mtoto huku nimekaa naweza.

Mwambie mama yako nitakaa palepale pangu, kando yake. Akikataa, nitakaa hivyohivyo.

Bibi yako,
Elfrieda